Mtani Aliyevaa Joho

Wiki iliyopita nilikaa ukingoni mwa kaburi la Mama Minza, miguu ikining'inia ndani, nikakataa kuondoka mpaka nipewe jogoo. Mimi ni mzee, ni kasisi mstaafu, na magoti yangu hayapendi tena kukaa chini. Ilibidi vijana wawili wanishushe na baadaye wanivute juu kama gunia. Watu wa Binza, kule Maswa, walilia mpaka wakacheka, au walicheka mpaka wakalia, sikuweza kutofautisha. Aliyebaki na uso mkavu ni mmoja tu, shemasi kijana aliyekuwa akiongoza ibada, mtoto wa watu wa kule Ngara, kitabu chake kimefunguka mkononi na kidole kikiwa kimeshikilia ukurasa. Baada ya mazishi alinifuata na sahani yake ya wali, akakaa pembeni yangu, akala matonge mawili. Kisha akasema, “Kanoni, naomba unisamehe, lakini nimechanganyikiwa. Ile ilikuwa ibada au ilikuwa nini?” Nilimwambia hata mimi nilichanganyikiwa, tena mwaka mzima, tena katika ua huu huu. Akasema nimweleze. Basi la Dodoma lilikuwa linakaribia kuondoka, na maelezo yenyewe si ya kusimama mlangoni, kwa hiyo nayaweka hapa, ayasome akipata nafasi.

Ya kuzaliwa kwangu na ya chuo nayaruka, hayamsaidii mtu. Itoshe kusema nilifika Maswa nikiwa kijana mwembamba mwenye kola mpya, Mgogo wa Dodoma, na wakati huo hakukuwa na Mkoa wa Simiyu. Tulikuwa bado tunahesabiwa na Shinyanga. Nilikuwa shemasi. Katika Kanisa letu la Anglikana mtu hawi kasisi kwa mara moja. Kwanza anawekwa kuwa shemasi, anatumika kwa muda, anahubiri, anabatiza, anazika, lakini Meza ya Bwana haisimamii. Mkate na divai vinamngoja kasisi. Mwaka ukikaribia kwisha, waliokaa naye wanaulizwa kama anafaa. Wakisema anafaa, Askofu anamwekea mikono. Wakisita, anarudishwa alikotoka na kola yake, na huko nyumbani hakuna atakayemwuliza kwa nini, watajua wenyewe. Nilijua hilo tangu siku ya kwanza. Kanoni Elisha, kasisi kiongozi aliyekuwa akikaa Bariadi na kutujia mara moja kwa mwezi kuleta Ushirika Mtakatifu, alinishusha kwenye nyumba ya mlinzi wa kanisa (kwetu ni mzee anayetunza mali na mambo ya kanisa, si askari wa usiku), Mzee Jilala, akaniambia, “Hawa ndio watakaokusemea. Kaa nao vizuri.” Akawasha pikipiki akaondoka.

Nyumba ya Mzee Jilala ilikuwa ya tofali za kuchoma, ina vyumba vitatu na sebule, na kuta za ndani hazikufika juu kwenye bati. Sauti ya chumba kimoja ilikuwa sauti ya vyumba vyote. Nilipewa chumba chenye kitanda kizuri kuliko vyote vya humo ndani. Nilikuja kujua baadaye kwamba kilikuwa kitanda chao wenyewe, mzee na mkewe, na kwamba wao walihamia chumba cha magunia ya pamba. Jioni ile nililetewa ugali, kuku mzima, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa kwa karanga. Nilikula mpaka nikaona haya. Nilipomaliza nikaomba maji ya kunywa. Mzee Jilala alikuwa mrefu, mwenye tabia ya kupandisha suruali kila anapotaka kusema, na kila hotuba yake aliianza kwa maneno “kwa ufupi tu,” halafu hakuna ufupi uliofuata. Akapandisha suruali. “Mbukwenyi, Mgogo,” akanisalimia kwa salamu ya kwetu. “Kwa ufupi tu. Babu zangu walipopita kwenu na mizigo ya watu kichwani kwenda pwani, babu zako walikaa kwenye visima wakawadai hongo. Maji kidogo, jembe. Maji kidogo, kitambaa. Wengine walifika pwani uchi. Sasa Mungu si Athumani, amekuleta mwenyewe mpaka mezani kwangu. Maji ya humu yanalipiwa.” Nilimtazama. Alinitazama, hatikisi hata kope. Nikaingiza mkono mfukoni nikaanza kutafuta hela.

Mzee aligeuka akamwangalia mkewe kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyemrushia mwenzake mpira na mwenzake akauweka mfukoni. Mama Minza alikuwa mwanamke mfupi, mnene kidogo, anayetembea bila kutoa sauti. Akanimiminia maji mwenyewe, akasema, “Kunywa, mwanangu. Huyu ni mtani wako.” Nikanywa. Neno utani nililijua, nani asiyelijua? Chuoni tulitaniana: wewe Mgogo ombaomba, wewe Mnyamwezi mzigo kichwani, tukacheka dakika mbili yakaisha. Utani wa Mzee Jilala haukuisha. Niliamka nao na nikalala nao. Asubuhi, badala ya kuniambia “mwangaluka” kama alivyowasalimia wengine, alipita dirishani akiuliza kwa sauti kama Mgogo ameshaamka kuomba au leo ni mapumziko. Jumapili, baada ya mahubiri niliyoyatayarisha siku nzima, alisimama kusoma matangazo: “Kwa ufupi tu. Mgogo wetu anaendelea kunenepa, kama mnavyoona. Atakayepotelewa na kuku wiki hii asimsumbue jirani yake.” Kanisa zima lilicheka. Akina mama wa kwaya walishikana mabega. Nami nilisimama pale mbele, uso umekakamaa, kwa sababu chuoni tulifundishwa namna ya kushika kitabu na namna ya kupanda mimbari, na hakuna aliyetufundisha uso wa kuvaa unapoitwa mwizi wa kuku katikati ya ibada.

Ningekuwa na hakika kwamba ananidharau, ningejua la kufanya. Ningevumilia kama Biblia inavyosema, na moyoni ningejiona mtakatifu. Tatizo ni kwamba hakunipa nafasi hiyo. Mzee huyo huyo alinibebea godoro jipya kwa baiskeli kutoka mjini Maswa, jua la saa saba, akalitupa mlangoni akisema Wagogo hulala juu ya ngozi lakini atajaribu kunistaarabisha. Nyama ikipikwa, kipande cha kwanza kilikuwa changu, nacho kilikuja na tusi juu yake kama chumvi. Usiku baada ya kula, nikiwa nimeshaaga na kuingia chumbani, nilimsikia akizungumza na mkewe Kisukuma upande wa pili wa ukuta. Sikujua Kisukuma. Nilisikia mvumo wa maneno, kisha “Mgogo,” kisha Mama Minza anacheka kicheko cha chini kinachokatwa na kikohozi, kisha mvumo tena, kisha “Mgogo.” Nililala nikiwa nimeangalia bati, nikiwaza hawa watu wananisema nini, na kwa nini baada ya kunisema wanakuja kunifunika blanketi la pili.

Siku moja nilisikia mazungumzo yao kwa Kiswahili, kwa kuwa mgeni aliyekuja hakuwa Msukuma. Alikuwa Mwalimu Majura, Mjita wa Musoma, aliyefundisha kwaya yetu. Alikuja kulalamika. Alisema sauti ya shemasi ni ndogo, hajui kuanzisha wimbo, na anahubiri kama anayesoma ratiba ya mtihani. Yote yalikuwa kweli. Nilikaa kitandani nikisubiri Mzee Jilala afurahi, maana alipewa kuni za kuchochea moto wake wa kila siku. Nikasikia kiti kinasogea. “Kwa ufupi tu, Mwalimu,” mzee akasema, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kwa ufupi kweli. “Mgogo ni wangu wa kutukana. Wewe Mjita, nani kakupa ruhusa?” Mwalimu akasema hakuwa anatukana, alikuwa anashauri. “Basi kashauri kwaya,” akajibiwa. Asubuhi yake nilipotoka kunawa, mzee aliniuliza kama kweli kwetu Dodoma tunanawa au tunapanguswa na upepo. Nilishindwa kabisa. Nilikuwa nimepanga kumshukuru.

Nimeuliza watu wengi tangu wakati huo kwa nini sikumjibu. Mke wangu anasema ni kiburi cha kola. Pengine. Mimi naona ni woga zaidi: nilidhani mtumishi wa Mungu akianza kurushiana maneno na mlinzi wa kanisa, mwisho wa mwaka watasema hana heshima, na safari yangu itaishia hapo. Kwa hiyo kila alichonirushia nilikipokea kwa tabasamu la adabu na kusema “asante, Baba.” Asante, Baba! Unamwita mtu mwizi wa kuku, anakwambia asante, Baba. Leo namwonea huruma yule mzee. Alikuwa akipiga ngoma na hakuna anayecheza.

Pamba ilipoanza kufunguka, magari ya jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, yakawa yanapita barabarani yakimwaga nyuzi nyeupe kwenye miiba ya ua, Mzee Jilala akaugua. Alianza kwa kukataa kula, jambo ambalo mkewe alilichukulia kama utani mpaka siku ya tatu. Tulimpeleka hospitali. Nilienda kila siku mchana na chombo cha uji, nikamsomea Zaburi, naye akasikiliza akiwa amefumba macho. Siku ya mwisho alifumbua. Alijaribu kupandisha suruali pale kitandani ingawa alikuwa amevaa shuka la hospitali. “Mgogo,” akasema, “siku yangu usije ukaniangusha.” Mama Minza alikuwa ameshika mguu wake. Nilimwambia, “Baba, sitakuangusha,” na nilisema kwa moyo wangu wote. Nilielewa kwamba ananiomba nimzike vizuri. Nilirudi nyumbani nikaenda kupiga pasi kanzu yangu kabla hata hajafa, Mungu anisamehe, kwa sababu nilijua kola yake ina mikunjo na sikutaka imwaibishe.

Alipofariki, Kanoni Elisha alikuwa na semina mbali, akaniagiza kwa simu ya kanisa nizike mwenyewe. Ndipo nikamwambia jambo lililokuwa likinisumbua, kwamba nimesikia watu wakisema Mgogo atakuja, Mgogo atafanya, na kwamba kuna mambo ya watani msibani. Kanoni alikuwa mtu mnyofu ambaye hakupenda vitu viwili kuwa mahali pamoja. Akasema, “Mazishini wewe ni Kanisa. Joho halina kabila. Soma ibada kama ilivyo.” Hilo lilinitua mzigo. Angalau sasa nilikuwa na amri. Nilivaa kanzu, nikavaa stola, ule mshipi wa shemasi wa begani, nikafika uani. Watu walinipisha njia pana kuliko niliyohitaji. Wazee walivua kofia. Nilisoma ibada vizuri, nasema bila kujisifu, sauti yangu ile ndogo siku hiyo ilitoka. Nilihubiri juu ya mlinzi mwaminifu mlangoni, nikaona watu wanatikisa vichwa. Jeneza likashuka. Nikatupa udongo, nikasema maneno yake, nikatoa baraka. Kisha wachimbaji hawakusogea. Walisimama na majembe yao, wakaniangalia mimi. Ndugu wa marehemu wakaniangalia. Mama Minza alikuwa amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, amefungwa kanga kichwani, ameinua uso wake kwangu kama mtu anayengoja kupewa kitu alichoahidiwa. Nikadhani hawakusikia baraka. Nikainua mkono nikabariki mara ya pili.

Uso wake ukashuka. Hakulia. Aliangalia mikono yake, na mmoja wa wazee akasema jambo kwa Kisukuma, taratibu, na majembe yakaanza kazi. Kaburi lilijaa katika kimya ambacho sijawahi kukisikia msibani, hapo wala kwingine. Hata watoto hawakucheza.

Jioni nilikuwa chumbani nikikunja kanzu yangu, na jikoni nyuma ya dirisha langu akina mama walikuwa wakiosha masufuria. Miongoni mwao alikuwepo Bi Zaituni, mwenye duka la vitenge pale Binza, mama wa Kiislamu kutoka Tabora ambaye aliuza kwa kila mtu na alizika na kila mtu. Ni yeye aliyeuliza kwa Kiswahili, “Jamani, mbona tumezika kama tunapanda mti? Msiba wa mzee mcheshi vile, na mtani wake yumo ndani ya nyumba?” Akajibiwa na Minza, binti mkubwa wa mzee, aliyekuja kutoka kwa mumewe kule Mkula. “Mtani hakuja, Bi Zaituni.” Bi Zaituni akasema, “Nimemwona kwa macho yangu.” Minza akasema, “Uliyemwona ni mchungaji.” Sufuria ikagongwa. Kisha Minza akaendelea: baba alikuwa akituambia tangu mwaka uanze, mimi nikifa mtacheka, nina Mgogo wangu humu ndani, atavaa koti langu, atatembea kama mimi, atawazuia kaburini mpaka mumpe jogoo, msihangaike kutafuta mtani wa mbali. Mama alikuwa ameshalitoa lile koti sandukuni tangu jana. Limekaa kitandani hadi sasa.

Nilikaa na kanzu magotini. Ninachotaka yule shemasi kijana akielewe ni hiki: hata baada ya kusikia hayo sikuona kilichokuwa sahihi. Kanoni alikuwa ameniagiza. Kitabu kilikuwa wazi. Mtu alizikwa kwa Neno la Mungu, na hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Na wakati huo huo kulikuwa na mjane chumba cha pili, mume wake ameondoka bila mtu kumcheka, na kwa watu wale kuzikwa bila kuchekwa ni kuzikwa nusu. Nilimweleza Kanoni alipokuja. Akafikiri, akasema, “Ulifanya sawa.” Kisha akafikiri tena akasema, “Lakini ungeniuliza vizuri zaidi.” Sikujua nifanye nini na jibu hilo. Hata sasa sijui.

Kuanzia siku ile wakaniheshimu. Nilikuwa nimeitamani heshima tangu nifike, na sasa nilipewa ya kutosha ukoo mzima. Mama Minza alipiga goti kuniamkia, mama wa umri wa kunizaa, akaniita Mchungaji. Chakula changu kililetwa peke yake, kwenye meza peke yake, kimefunikwa kitambaa cha kudarizi, na maji ya kunywa kwenye glasi juu ya sinia. Niliposema, “Mama, nije nile na nyie jikoni,” alijibu kwa upole kwamba jikoni kuna moshi, Mchungaji. Kanisani matangazo yalisomwa na Mwalimu Majura, kwa ufupi wa kweli, na hakuna aliyecheka. Jioni nilisikiliza upande wa pili wa ukuta. Mvumo wa Kisukuma ulikuwepo, Mama Minza na wajukuu, lakini nilingoja wee, neno “Mgogo” halikutajwa. Niliumia, nasema waziwazi. Nililia siku moja nikiwa nimejifunika blanketi lile la pili. Nilijaribu kuanzisha utani mwenyewe. Nilimwambia Mama Minza kwamba Wasukuma wanapenda ng'ombe kuliko wake zao. Akasema, “Ndiyo, Mchungaji,” akaondoa sahani.

Mwaka ulipokaribia kwisha, Kanoni Elisha aliitisha wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama, akawauliza juu yangu nikiwa nje ya mlango. Mlango nao ulikuwa wa mbao za kuachana. Aliuliza mahubiri yangu yakoje. Mazuri. Anatembelea wagonjwa? Anatembelea. Ana tabia mbaya yoyote? Hana. Basi mna neno gani la kumwambia Askofu? Mzee mmoja akasema, “Hatuna neno.” Kanoni aliporudi kwangu uso wake haukuwa mzuri. “Mimi nimekaa na Wasukuma miaka mingi,” akasema. “Wakikutaka, wanasema mpaka unaomba waache. Wasipokuwa na neno, wamekufungia mlango taratibu ili usiumie.” Akaniambia Askofu atakuja Bariadi kama ilivyopangwa na ibada itakuwepo, kwa kuwa hakuna kilichonizuia kwa maandishi ya kanisa. Lakini Askofu mwenyewe alikuwa anasitasita. Kama siku hiyo angeona watu wa Binza hawapo, au wapo kama magogo, angeweza kuahirisha na kunirudisha Dodoma nikapumzike. Alitumia neno hilo, nikapumzike.

Walikuja. Walikodi lori la pamba, wakafika Bariadi wamejaa nyuzi nyeupe nyweleni na mabegani, wakakaa mabenchi ya kushoto, kimya kama walivyokuwa kaburini. Mama Minza alikaa mwisho wa benchi la pili. Askofu alikuwa mtu wa kule ziwani magharibi, mpole, mwenye sauti ya chini, hakujua Kisukuma kama nilivyokuwa sijui mimi. Nilipiga magoti mbele yake na kanzu yangu. Ibada ilifika mahali ambapo Askofu huwaambia watu kwamba mwenye kujua kizuizi chochote juu ya mtu huyu asimame aseme sasa. Ni mahali pa kimya kifupi tu. Sijawahi kuona mtu akisimama, na Askofu alikuwa ameshageuza ukurasa. Nikasikia benchi linalia nyuma yangu. “Nina neno, Baba Askofu.” Ilikuwa sauti ya Mama Minza.

Kanoni Elisha alifumba macho. Mimi niliangalia zulia jekundu, nikaona uzi mmoja umechomoka, nikaushika uzi ule kwa macho nisianguke. Askofu akasema, “Karibu, mama. Sema.” Akasema, sauti yake haina mlima wala bonde, “Mimi ni mjane wa mlinzi wa kanisa, Binza. Mtu huyu amekaa kwangu mwaka mzima. Baba Askofu, mtu huyu ni Mgogo.” Askofu akasema, “Ndiyo, mama. Endelea.” “Ndiyo neno lenyewe. Ni Mgogo. Tumemletea kuku, amekula. Tumemletea maziwa, amekunywa. Hasemi. Sasa mnataka kumpa na sahani ya sadaka aishike yeye. Mgogo na sahani, Baba? Mtaiona tena sahani yenyewe?” Hakuna aliyecheka. Watu wa Bariadi walitazamana. Askofu alimwangalia Kanoni, Kanoni aliangalia kitabu chake. Nikageuka, nikiwa bado magotini, nikamwona amesimama, mikono ameshika mgongo wa benchi la mbele, na uso wake ameuinua kwangu vile vile kama siku ile mkekani. Nyuma yake watu wa Binza wote walinitazama. Sitadai kwamba nilielewa. Ningeweza kuwa nimekosea, na ule ungekuwa mwisho wangu mbele ya dayosisi nzima. Huenda kweli mama alikuja kunizuia. Askofu akaniuliza, “Shemasi, una jibu?” Nikainuka.

Joho halina kabila, Kanoni alisema. Lakini chini ya joho nilikuwa na suruali, nikaishika kupitia kanzu nikaipandisha. Nikasafisha koo. “Kwa ufupi tu,” nikasema. Kwenye mabenchi ya kushoto mtu alivuta pumzi kwa nguvu. “Kwa ufupi tu, Mtume Petro,” nikaendelea kwa sauti nene isiyo yangu, “mimi ni mlinzi wa kanisa la Binza. Milango nimefungua mingi, huu wako ni mdogo. Mnaniuliza nimepitaje. Nimepita kwa Mgogo. Ndiyo, najua, kwa Mgogo hakupitwi bure, lakini siku hiyo alikuwa amevaa kanzu, amezama kwenye kitabu, nikanyata nikampita. Sasa mnaniambia sina ruhusa. Nimesimama hapa mlangoni tangu msimu wa pamba, miguu inaniuma, na malaika wako hawa hawana hata kigoda cha kumkalisha mtu mzima. Kwa ufupi tu, mtumeni mtu akamwambie yule Mgogo adai hongo yake, niingie.” Kisha nikasema kwa sauti yangu, ile ndogo, “Mama, mume wako alinipita bila kulipa. Nadai jogoo. Na mjane wa mtu anayekwepa hongo hana mamlaka ya kunizuia mimi.”

Kicheko kilichotoka mabenchi ya kushoto sijakisikia tena kanisani. Kilianza na Minza, kikaenda kwa wazee, kikamfikia Mwalimu Majura ambaye aliinama mpaka paji la uso likagusa benchi. Mama Minza alijifunika kanga usoni akakaa chini, mabega yakimtikisika, na kutoka ndani ya kicheko kile kikatoka kilio, kirefu, cha wazi, kilio ambacho hakulia siku ya mazishi, na akina mama wakamshika pande zote nao wanacheka na kufuta machozi. Askofu aliinama kwa Kanoni. Nilikuwa karibu, nilisikia. “Kanoni, hili ni pingamizi au si pingamizi?” Kanoni Elisha, mtu asiyependa vitu viwili mahali pamoja, akasema, “Baba Askofu, kwa kweli sijui.” Askofu akainuka akawauliza watu wa Binza moja kwa moja kama wanamtaka huyu awe kasisi wao. Walijibu wote pamoja, kwa Kiswahili na Kisukuma, wengine walisema wanamtaka na wengine walisema ataiba kuku lakini wanamtaka. Askofu alingoja mpaka wakanyamaza, ilichukua muda, kisha akaniambia nipige magoti tena, na mikono yake ilipokaa kichwani mwangu nilimsikia akirudia neno la kwanza mara mbili, sijui kwa ibada au kwa kujizuia kucheka.

Nje, baada ya yote, watu walinizunguka kama inavyokuwa, kila mtu anataka kushika mkono wa kasisi mpya. Mama Minza alisubiri mpaka wamepungua. Macho yake yalikuwa mekundu na kanga imemkaa upande. Nilitaka kumweleza kuhusu siku ile kaburini, kuhusu Kanoni na amri yake, kuhusu ile baraka ya pili. Nilikuwa nimeyapanga maneno kwa miezi. Hakunipa nafasi. Alinishika mkono, hakupiga goti. “Mgogo,” akasema, “leo ndiyo tumemzika Baba Minza.” Kisha akaniacha, akaenda kutafuta nafasi yake kwenye lori kabla halijajaa.